Dhima ya Mzazi Haihamii Katika Simu



Limezuka neno katika nyumba zetu, nalo husemwa kwa majivuno: "Mwanangu anasoma kwa simu." Utalisikia Tanga, utalisikia Mombasa na Unguja, na siku hizi utalisikia hata huko bara walikokwenda vijana wetu kufuata dhahabu, Kahama na Kakola, Katoro na Geita mjini. Baba yuko kwenye maduara, au yuko dukani kwake auzapo nguo na vifaa vya wachimbaji. Mama ana biashara yake ya chakula. Na mtoto wa miaka sita amekaa pembeni peke yake, simu mkononi. Ukiuliza unaambiwa yumo darasani. Lakini ukikaa robo saa ukamtazama, utaona somo limekwisha zamani, naye yumo katika vikaragosi vya paka na panya. Na wazee wake wametulia, kwani bando wamelinunua na ada wameilipa!

Mimi nasema utulivu huo ni batili. Kulipa si kusomesha. Na mtoto mdogo hasomi kwa simu hata siku moja. Anasoma kwa mtu, na simu ikiwa na heri huwa chombo katika mkono wa mtu huyo.

Kabla sijaendelea na wazazi, nimalizane kwanza na baadhi ya wenzangu wa mimbari. Wapo wanaosimama siku ya Ijumaa wakasema simu na intaneti ni haramu moja kwa moja, na mtoto akishika basi amepotea. Hawa wanatuharibia hoja. Baada ya Badri, Mtume (s.a.w.) alikuwa na mateka wa Makka mikononi mwake, na miongoni mwao walikuwamo wajuao kuandika. Imepokewa kwamba wasiokuwa na mali ya kujikomboa, fidia yao ilikuwa kuwafundisha watoto wa Madina kuandika. Mateka wale walikuwa mushirikina, tena maadui waliotoka vitani siku zile zile! Wala haikusemwa kwamba kalamu ya adui ni haramu. Na Zaid bin Thabit aliamrishwa na Mtume ajifunze maandishi ya Mayahudi, akajifunza kwa muda mfupi sana. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa gazeti lake la Al-Islah kule Mombasa mwaka 1932, miongoni mwa aliyowalaumu watu wa pwani ni kulala juu ya elimu huku wenzao wakienda mbele. Tukiyakataa haya ya leo kwa mori bila ya hoja, tutakuwa tumerudia kosa lile lile lililotuacha nyuma.

Lakini itazame tena habari ya mateka wa Badri. Watoto walifundishwa mbele ya mtu, katika mji wao, miongoni mwa baba na mama zao. Mwalimu alikuwa mgeni, lakini macho yaliyomtazama mtoto yalikuwa ya nyumbani. Hapo ndipo penye maneno yangu yote.

Turudi mwaka 2020. Tarehe 17 Machi Serikali ya Tanzania ilitangaza kufunga skuli kwa ajili ya maradhi ya korona, na wengi wa watoto hawakurudi madarasani mpaka tarehe 29 Juni. Kenya walifunga mwezi ule ule wa Machi, na skuli zao hazikufunguliwa kwa watoto wote mpaka Januari 2021. Uganda ndiyo ilifunga muda mrefu kushinda wote, karibu miaka miwili, mpaka Januari 2022. Masomo yakapelekwa kwenye redio na televisheni, na kwa wenye uwezo yakapelekwa kwenye simu na kompyuta. Wakubwa wakasema, elimu haikusimama. Je, haikusimama kwa nani? Mwisho wa mwaka ule ule mashirika ya Umoja wa Mataifa yalieleza kwamba theluthi mbili ya watoto wa dunia wenye umri wa kusoma hawana intaneti nyumbani. Theluthi mbili! Basi elimu iliendelea kwa mtoto wa Oysterbay na wa Nyali, na ikasimama kwa mtoto wa Nyarugusu na wa Mgusu.

Na hapa nataka msomaji wa pwani anisikilize vizuri, kwani wengi wetu hatuijui nchi ile ila kwa dhahabu yake. Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012, na katika hesabu ya watu ya mwaka 2022 ulikuwa na watu karibu milioni 3. Shinyanga, ambayo ndani yake imo Kahama, ilikuwa na zaidi ya milioni 2. Kuna migodi mikubwa ya makampuni, kama ule wa Geita na ule wa Bulyanhulu. Na pembeni mwake kuna maelfu kwa maelfu ya wachimbaji wadogo, wenye sululu, kamba na tochi. Jiwe hutolewa shimoni, likavunjwa, likasagwa kwa karasha, ule unga ukaoshwa kwenye mwalo, kisha ukatiwa zebaki ili ishike dhahabu. Halafu lile donge huchomwa motoni. Zebaki hupaa kwa moshi, dhahabu hubaki. Lakini moshi ule hauendi mbinguni ukapotea. Huingia kifuani mwa aliye karibu, na sumu yake hushika ubongo na mishipa ya fahamu, na kwa mtoto madhara yake ni makubwa kuliko kwa mtu mzima. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya migodi midogo ya Tanzania, ikiwamo ya Geita na ya Kahama, likaeleza kwamba watoto kwa maelfu wanafanya kazi humo, na wengine wana miaka minane tu.

Sasa mtu anakuja na neno hili zuri, "mtoto asomee nyumbani". Nyumba ipi? Katika machimbo kuna nyumba ambazo donge la zebaki huchomwa jikoni, juu ya jiko lile lile lipikalo uji. Mtoto aliyeambiwa abaki nyumbani asikilize somo la redio, kule nyumbani ndiko kuliko na moshi. Na skuli ikifungwa, mtoto wa Nyarugusu hana haja ya kwenda mbali kutafuta kibarua. Mwalo uko hapo mlangoni, na mwenye karasha hamuulizi umri wake. Mwaka 2021 shirika lile lile liliandika habari za watoto wa Ghana, Nepal na Uganda walioingia kazini baada ya skuli zao kufungwa, wakiwamo walioingia katika machimbo ya dhahabu. Hata darasa liwe bovu kiasi gani, lina jambo moja ambalo simu haina: linamtoa mtoto mahali pabaya na kumweka mbele ya mtu mzima mwenye jina lake katika daftari. Asipofika, mtu huuliza.

Kisha kuna jambo la lugha, ambalo sisi wa pwani hatulioni kwa sababu Kiswahili ni maziwa ya mama zetu. Mtoto wa vijiji vile huamka na Kisukuma, au Kizinza, au Kisumbwa. Kiswahili chenyewe anakikuta skuli. Mwalimu aliye mbele yake akiona macho yamemtoka, hurudia, huonyesha kwa mkono, humuuliza mwenzake amweleze. Sauti ya redio haioni macho. Inakwenda mbele na wakati wake, na mtoto anabaki nyuma na jiwe lake. Tena siku hizi wapo wazee wanaonunua masomo ya Kiingereza ya kwenye simu kwa mtoto wa miaka mitano, wakadhani akiimba majina ya rangi kwa Kiingereza amekwisha elimika.

Atasema mtu: Sheikh, mbona zamani watu walisoma kwa redio? Naam, walisoma, na mimi ndiyo ninayotaka tuikumbuke. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya" kwa njia ya redio. Watu wapatao milioni 2 walishiriki. Lakini hawakuachiwa redio peke yao! Walikaa katika vikundi, kila kikundi kina kiongozi wake aliyepewa mafunzo, na viongozi hao walikuwa zaidi ya 70,000. Kulikuwa na kijitabu. Kipindi kilisikilizwa, redio ikazimwa, watu wakazungumza, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo. Na hao walikuwa watu wazima! Ikiwa mtu mzima mwenye akili zake alihitaji kiongozi wa kukaa naye baada ya kipindi, vipi mtoto wa miaka sita awekwe peke yake na simu tukasema anasoma? Waliopanga kampeni ile hawakuwa na intaneti, lakini walijua jambo ambalo wenye intaneti wamelisahau.

Na sisi Waislamu tulikuwa na haki ya kulijua zaidi kuliko wote. Qur'ani yenyewe haikushushwa ikatupwa mlimani ili aokotaye asome. Alikuja Jibrili, akamkumbatia Mtume na kumbana, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, ndipo akasomeshwa. Na kila Ramadhani alikuja wakaidurusu pamoja, na mwaka wa mwisho wa uhai wake waliidurusu mara mbili. Kwa mtindo huo ikafika kwetu, kinywa kwa kinywa, mwalimu anatazama midomo ya mwanafunzi na mwanafunzi anatazama ya mwalimu. Nimefundisha chuo zaidi ya miaka thelathini, na nawaambieni kwamba mtoto akikosea baina ya ha ndogo na ha kubwa, mara nyingi kosa nimeliona shingoni mwake kabla sijalisikia.

Kwa hiyo wale wanaowasomesha watoto Qur'ani kwa simu, mwalimu yuko Misri au Pakistani na mtoto yuko Kakola, siwakatazi. Mahali pasipo na chuo, jambo hilo linaweza kuwa neema. Lakini naona nyumba nyingine mtandao unakatika katikati ya aya, sauti inarudi imeruka neno, mtoto anaitika "naam" bila kusikia, na hakuna mkubwa aliyekaa pale. Hakuna anayemwuliza ametia udhu au hakutia, amevaa nini, amekaa vipi, na mwalimu huyo ni nani, na anamwambia nini mtoto. Tungemkubali mwanamume tusiyemjua aingie chumbani kwa binti yetu wa miaka saba afunge mlango, kwa kuwa ameshika msahafu? La, hasha! Basi kwa simu tunakubali kwa sababu gani?

Nimesema binti, na kuhusu mabinti nina neno. Nyumba yenye simu moja na watoto watatu, simu hushikwa na nani? Hushikwa na mvulana. Msichana somo linapoanza anatumwa maji, anatumwa sokoni, anambeba mdogo wake mgongoni. Jioni wote wawili wanahesabiwa kuwa wamesoma. Huko bara ni hivyo, na huku pwani ni hivyo hivyo, tusijidanganye.

Sasa nakuja kwako wewe baba, hasa uliyeko Katoro au Kahama, na wazee wako wanausoma ukurasa huu Pangani au Lamu. Utaniambia, "Sheikh, mimi natafuta riziki, sina wakati." Riziki ni wajibu, wala sikudharau jasho lako. Lakini wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wameeleza wazi kwamba ni juu ya wazazi kumfundisha mtoto twahara, sala na yale yatakayomlazimu akibaleghe, na kwamba gharama ya mafundisho hayo, ikiwa mtoto hana mali yake, ni juu ya yule anayelazimika kumlisha. Wameitia elimu pamoja na chakula. Nawe humpi mwanao pesa za chakula ukaondoka bila kujali kama amekula au amezitupa. Kwa nini unampa bando ukaondoka bila kuuliza amesoma nini? Na ile hadithi ya mchunga na alichokabidhiwa, ambayo hukosi kuisikia kila Ijumaa ya pili, umeisikia mara ngapi ukadhani inawahusu masultani tu?

Atasema na mama, "Mimi sikusoma, nitamsaidia vipi?" Hapa nakasirika, si na mama huyu bali na waliomtia maneno haya kichwani. Bibi zetu wa pwani waliandika barua na mashairi kwa Kiswahili cha harufu za Kiarabu, wakaweka hesabu za biashara zao, kisha akaja karani na daftari lake akawahesabu kuwa hawajui kusoma, kwa kuwa hawakujua harufu za Kizungu! Udhalili ule umeachwa mpaka leo katika vifua vya binti zao. Mama, kumsaidia mtoto mdogo hakukutaki uwe na shahada. Kunakutaka ukae. Kaa ubavuni mwake nusu saa, simu iwe mkononi mwako na isiwe mkononi mwake. Somo likisha, zima. Mwambie, "Nifundishe mimi alichokufundisha." Akiweza kukufundisha ameelewa, na asipoweza, mrudishe mwanzo. Usiogope kutojua jibu. Mtoto akimwona mamake anauliza, naye hujifunza kuuliza.

Usimkadirie mwanao kwa saa alizokaa mbele ya kioo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri kwamba mtoto wa miaka miwili mpaka minne asikae mbele ya kioo zaidi ya saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Mkadirie kwa alichobaki nacho. Vipimo vya Uwezo, vilivyoanza Tanzania mwaka 2010, hufanywa nyumbani kwa mtoto, tena kwa dakika chache: aonyeshwe silabi, kisha maneno, kisha aya, kisha hadithi fupi ya darasa la 2. Mara kwa mara vimeonyesha kwamba watoto wengi wa darasa la 3 hawawezi kuisoma hadithi hiyo. Mpime mwanao mwenyewe usiku wa leo kwa kitabu chochote kilichoko nyumbani. Huenda ukagundua kwamba yule anayejua kufungua simu kuliko wewe hawezi kusoma jina la baba yake.

Na kwa walioko kwenye machimbo, nasema wazi. Kama katika nyumba mnachoma zebaki, jambo la kwanza la kumsaidia mtoto wako asome ni kuutoa moto huo nje, mbali na watoto na mbali na sufuria. Hili ni kabla ya kitabu, kabla ya redio, na kabla ya kunitafuta mimi nimsomee mtoto wako asiyeshika masomo. Wengine wameleta watoto wakadai wana jini, na nyumbani kwao kuna kibati cha kuchomea dhahabu!

Halafu msifanye jambo hili kila nyumba peke yake. Nyumba tano zikiwa na watoto wadogo kumi, hazihitaji simu kumi. Yatosha redio moja au simu moja, mkeka mmoja, na mkubwa mmoja wa kukaa nao kwa zamu. Leo mama huyu, kesho yule, keshokutwa msichana wa sekondari aliye likizo, akapewa chochote kwa kazi yake. Ndivyo vyuo vyetu vilivyokuwa: mwalimu mmoja hakuwamudu watoto sitini, basi mkubwa aliyekwisha fika Tabaraka alimsomesha mdogo aliye kwenye alifu, na wote wawili wakafaidika. Somo la simu lichukuliwe usiku mtandao unapokuwa mwepesi, lihifadhiwe, asubuhi lisikilizwe bila kukatika. Mwalimu wa skuli naye aulizwe wamefika wapi, kwani walimu wengi wana simu na hapana mzazi anayewapigia ila mtoto akichapwa.

Nimebakiwa na kamati za misikiti, nazo nimeziweka mwisho kwa makusudi. Misikiti yetu mingi, pwani na bara, ina chumba cha madrasa ubavuni. Chumba hicho hujaa watoto alasiri, na asubuhi yote kimefungwa kwa kufuli. Kina paa, kina mikeka, mara nyingi kina umeme, na kiko mbali na karasha na moshi. Mwaka 2020 watu walikatazwa kukusanya watoto, na hilo lilikuwa na sababu yake. Leo hapana katazo. Watoto wa zamu ya mchana wanazurura asubuhi kwenye mialo, wa zamu ya asubuhi wanazurura mchana, na kamati inakaa baada ya Isha kujadili rangi ya mnara na mazulia mapya. Mnangoja nini? Mkeka mnao, taa mnayo, na kina mama wa kukaa na watoto wapo, mkiwauliza kwa adabu. Niambieni basi, ufunguo wa chumba kile uko kwa nani?